Kurimasta gemu ya zamani na kuitoa upya: mwongozo kamili

Maswali yanayonifikia kuhusu kazi hii yanafanana mno. Mtu ana gemu ya miaka ishirini iliyopita, ya kwake au ya kampuni iliyompa idhini. Amekuza picha zote kwa akili mnemba, amesafisha muziki, ametengeneza menyu mpya inayong'aa. Kisha anakwama: maadui wanakimbia mara mbili ya kasi yao, mhusika anafika juu ya ukuta asiotakiwa kuufikia, na mchezo uliohifadhiwa na wachezaji wa zamani haufunguki. Miezi imeishia kwenye rangi, ilhali gemu yenyewe haijawahi kuendeshwa sawasawa kwenye mashine mpya.

Tatizo ni mpangilio wa kazi. Mwendo wa gemu hurudishwa kwanza, sura hufuata. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivyo, na kila moja kati ya tano za kwanza ina alama ya kukuonyesha kwamba umeimaliza. Usipoiona alama hiyo, usisonge mbele.

Rimasta ninayoizungumzia ni ile inayobakiza kanuni za gemu: kasi, uzito wa mruko, akili ya adui, ramani. Kinachobadilika ni kinachoonekana, kinachosikika na mashine inayoiendesha. Kuijenga gemu upya kuanzia sifuri ni kazi nyingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mikataba na karatasi zote za haki, hata zile zinazoonekana hazina maana.
- Msimbo chanzo wa toleo la mwisho lililouzwa. Toleo la majaribio la miezi miwili kabla ya kutoka halitoshi.
- Malighafi asilia: picha kabla hazijabanwa, rekodi za studio, maumbo ya pande tatu na faili za programu zilizoyatengeneza.
- Diski au katriji halisi za gemu, za kila eneo ilikouzwa.
- Mashine ya zamani inayofanya kazi, na televisheni ya chogo ikipatikana.
- Zana: Git ya kutunza mabadiliko, SDL ya kuunganisha gemu na skrini, sauti na pedi za leo, RenderDoc ya kuchungulia fremu (picha moja ya skrini) inavyochorwa, na Ghidra ya kufumua programu iliyokamilika endapo msimbo umepotea.
- Watu wawili au watatu walioicheza gemu hiyo hadi vidole vikaikariri. Hawa ni muhimu kuliko zana zote nilizotaja.

## Hatua ya 1: Kagua haki kabla ya kufungua faili yoyote

Haki za gemu moja huwa zimegawanyika. Jina linaweza kuwa la kampuni moja, msimbo wa nyingine, muziki wa mtunzi, sauti za waigizaji chini ya mikataba yao, na maktaba za programu zilizokodishwa kwa mashine moja tu.

Mfano maarufu ni The Operative: No One Lives Forever ya mwaka 2000. Nightdive Studios, kampuni inayoishi kwa kufufua gemu za zamani, ilijaribu kuirudisha sokoni ikashindwa, kwa sababu haki zilikuwa zimetawanyika kati ya makampuni makubwa na hakuna aliyekubali kulibeba suala hilo.

Muziki ndio mtego wa kawaida zaidi. Alan Wake iliondolewa madukani Mei 2017 leseni za nyimbo zilipoisha, ikarudi mwaka uliofuata baada ya leseni kupatikana upya. Crazy Taxi ilipotolewa upya mwaka 2010, nyimbo za The Offspring na Bad Religion hazikuwemo, wala migahawa yenye chapa halisi iliyokuwa sehemu ya mji wake.

Tengeneza jedwali. Kila wimbo, fonti, nembo, sauti na maktaba ipate mstari wake: mwenye haki ni nani, mkataba unaruhusu mashine zipi, unaisha lini.

Onyo: gemu isiyouzwa tena bado ina mwenyewe. Kunyamaza kwa mwenye haki si idhini.

Umefanikiwa ikiwa: kila mstari una jibu moja kati ya matatu: kinabaki, kinabadilishwa, kinaondolewa.

## Hatua ya 2: Okoa malighafi na uthibitishe ni toleo gani

Nakili kila diski na kila kanda kama ilivyo, faili moja kwa chombo kimoja. Piga alama ya SHA-256 ya kila nakala (namba ndefu inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo), kisha weka nakala mbili mahali tofauti. Usifanye kazi juu ya diski halisi.

Sasa thibitisha. Silent Hill HD Collection ya 2012 ilitengenezwa na watu waliokabidhiwa msimbo ambao haukuwa wa mwisho, kwa sababu wa mwisho haukuwa umehifadhiwa. Wakajikuta wanarekebisha hitilafu zilizokwisha kurekebishwa miaka mingi kabla yao, na wachezaji waliona tofauti mara moja. Square Enix nao walipotayarisha Kingdom Hearts HD 1.5 ReMIX ya 2013 walilazimika kuunda upya sehemu kubwa ya malighafi, kwa kuwa za awali zilikuwa zimepotea.

Kwa hiyo jenga msimbo ulionao kwa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa gemu) ileile ya zamani, ndani ya mfumo uleule wa zamani, kisha ulinganishe na diski iliyouzwa. Baiti chache zitatofautiana kwa sababu ya tarehe ya ujenzi. Ukiona ramani nzima haipo, au adui ana uhai tofauti, basi msimbo huo si wenyewe.

Msimbo ukiwa umepotea, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuiweka gemu ndani ya emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani. Gemu nyingi za DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, zinazouzwa kwenye duka la mtandaoni la GOG zinaendeshwa hivyo kwa DOSBox. Ya pili ni injini mbadala inayosoma faili za awali, kama ScummVM, iliyoanza mwaka 2001 kwa gemu za matukio. Ya tatu ni kuufumua mfumo kwa Ghidra na kuuandika upya, kazi inayoweza kumeza mwaka mzima. Kwa timu ndogo, emuleta iliyotunzwa vizuri inashinda msimbo mpya uliojaa makisio.

Onyo: DOSBox ina leseni ya GPL. Unaweza kuiuza pamoja na gemu yako, lakini lazima umpe mnunuzi msimbo wa emuleta hiyo pamoja na mabadiliko uliyofanya ndani yake.

Umefanikiwa ikiwa: gemu uliyoijenga mwenyewe inachezeka mwanzo hadi mwisho kwenye mashine ya zamani.

## Hatua ya 3: Iwashe kwenye mashine mpya bila kupamba chochote

Picha ndogo, sauti ya kukwaruza, menyu ya kale: ziache. Unatafuta jambo moja tu, gemu ileile kwenye mashine nyingine.

Kikwazo cha kwanza ni biti 64. iOS 11 iliacha programu za biti 32 mwaka 2017, macOS Catalina ikafuata 2019, na mwaka huohuo Google Play ikaanza kudai biti 64. Pointa, yaani anwani ya kitu kwenye kumbukumbu, iliyochukua baiti 4 sasa inachukua 8. Msimbo uliokuwa ukimwaga kumbukumbu moja kwa moja kwenye faili ya kuhifadhi mchezo utasoma takataka. Andika kila kipande kwa ukubwa uliotajwa wazi: nambari ya biti 32 hapa, ya biti 16 pale, na pointa isiingie kamwe kwenye faili.

Cha pili ni mpangilio wa baiti. PlayStation 3, Xbox 360, GameCube na Wii huanza na baiti kubwa. Kompyuta na simu za leo huanza na ndogo. Faili ya ramani iliyotoka upande mmoja itageuka nambari za ajabu upande wa pili.

Cha tatu humkwepa karibu kila mtu. Vichakataji vya zamani vya x86 vilipiga hesabu za desimali kwa usahihi wa biti 80, kisha kuzipunguza. Vya leo hutumia biti 32 au 64 tangu mwanzo. Tofauti ni ya nywele, lakini baada ya mamia ya hatua (raundi za hesabu za gemu) risasi iliyogonga ukuta inapita pembeni.

Utaijuaje? Kwa rekodi. Doom ya 1993 huhifadhi rekodi za mchezo kama orodha ya vitufe vilivyobonyezwa kwa kila hatua, bila nafasi ya mtu yeyote. Gemu ikirudia hesabu zilezile, mhusika hufika palepale. Ikikosea hata kidogo, utamwona anasukuma ukuta huku akipiga risasi hewani. Iongezee gemu yako uwezo huo. Rekodi kwenye toleo la zamani, icheze kwenye jipya, na kila baada ya hatua mia linganisha nafasi za wahusika wote.

Umefanikiwa ikiwa: rekodi ya ngazi nzima iliyofanywa zamani inaishia mahali palepale kwenye mashine mpya.

## Hatua ya 4: Tengeneza saa

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Gemu nyingi za zamani hazikuwa na saa. Zilitegemea kasi ya mashine yake. Katika Space Invaders ya 1978 maadui huongeza kasi kadiri wanavyopungua, kwa kuwa mashine ina wachache wa kuwachora. Miaka 36 baadaye Dark Souls II ilitoka kwenye kompyuta ikienda fremu 60 kwa sekunde, na silaha zikawa zinachakaa mara mbili ya kasi ya konsoli zilizokuwa na fremu 30. Uchakavu ulikuwa umefungwa kwenye fremu.

Dawa ambayo kila mtu huikimbilia ni kuzidisha kila mwendo kwa muda wa fremu. Haitoshi, na hesabu hii inaonyesha kwa nini. Mhusika anaruka kwa kasi ya pikseli 300 kwa sekunde, mvutano ni 900. Kwa fremu 30, ukipunguza kasi kwanza kisha ukamsogeza, anafika pikseli 45 juu. Kwa fremu 60 anafika 47.5. Kwa fremu 144 anakaribia 49. Ukingo ulio pikseli 46 juu, uliowekwa makusudi usifikiwe, sasa unafikiwa na kila mwenye skrini ya kasi. Ramani yako imevunjika na hakuna aliyeigusa.

Fanya hivi:

1. Tafuta kasi ya awali ya hesabu za gemu. Doom ni hatua 35 kwa sekunde. Gemu nyingi za konsoli ni 30 au 60. Usiibadilishe.
2. Tenganisha hesabu na uchoraji. Hesabu ziende kwa kasi hiyo ya awali, picha zichorwe kwa kasi yoyote ambayo skrini inataka.
3. Tengeneza kibubu cha muda. Kila fremu mpya ingiza milisekunde zilizopita. Kikiwa na muda wa hatua moja au zaidi, toa hatua hiyo, piga hesabu, rudia.
4. Hifadhi nafasi mbili za kila kitu, ya hatua iliyopita na ya sasa. Unapochora, kiweke kitu kati ya nafasi hizo kulingana na kiasi kilichobaki kibubuni. Mwendo unakuwa laini kwenye skrini ya hezi 144 bila kubadilisha hesabu hata moja.
5. Weka kikomo cha kibubu, tuseme milisekunde 250. Bila kikomo, mashine ikisita kusoma diski itataka kulipa deni la hatua zote kwa mkupuo, isite zaidi, na gemu igande.

Uchoraji wa aina hii huongeza ucheleweshaji wa hadi hatua moja. Kwa hatua 60 kwa sekunde hutauhisi. Kwa 30 ni kama milisekunde 33, na mchezaji wa gemu za mapigano atalalamika. Kwa gemu za namna hiyo mpe swichi ya kuuzima.

Angalia pia eneo la toleo unalolitumia. Televisheni za PAL (mfumo wa Ulaya) zilikuwa hezi 50, za NTSC (wa Marekani na Japani) hezi 60, na gemu nyingi zilizotengenezwa kwa 60 hazikurekebishwa zilipopelekwa upande wa 50, zikawa zinakwenda polepole kwa takriban asilimia 17. PlayStation Classic ya 2018 ililaumiwa kwa kuweka matoleo ya hezi 50 ya baadhi ya gemu zake. Anza na toleo lililoandikwa kwa kasi yake halisi.

Umefanikiwa ikiwa: rekodi ileile ikichezwa kwa fremu 30, 60 na 144, nafasi za mwisho zinalingana hadi tarakimu ya mwisho.

## Hatua ya 5: Picha

Sasa unaruhusiwa. Anza na umbo la skrini, kwa sababu ukilikosea kila uzuri utakaofuata utakuwa umepinda.

Gemu ya DOS yenye pikseli 320 kwa 200 ilionyeshwa kwenye skrini ya 4:3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kuliko upana wake. Ikuze mara 5 kwa upana na mara 6 kwa urefu, upate 1600 kwa 1200, na nyuso zitarudi kuwa nyuso. Gemu ya 320 kwa 240 inaingia skrini ya 4K kwa urefu bila salio: mara 9 ni 2160. Kwenye skrini ya 1080 inatoka mara 4.5, na nusu hiyo hufanya pikseli nyingine ziwe nene na nyingine nyembamba. Ikuze mara 4 na uache mpaka mweusi, au mara 5 kisha uipunguze kwa ulaini.

Kuipanua gemu hadi 16:9 kunahitaji upite ngazi zote. Pembeni mwa fremu ya zamani kuna maadui wanaosubiri zamu yao, kuta zisizo na mgongo, na waigizaji waliokwisha kutoka kwenye tukio lakini wamesimama tu.

Kuhusu akili mnemba: inasaidia, ila haijui inachokitazama. Grand Theft Auto: The Trilogy – The Definitive Edition ya Novemba 2021 ilitoka na mabango yenye herufi zilizoharibika, na Rockstar, kampuni inayoimiliki, ikaomba radhi hadharani. Fuata utaratibu huu:

- Maandishi yote, mabango na vibao, yaandikwe upya na mtu.
- Teksicha (picha inayovikwa juu ya maumbo) inayojirudia iongezewe ukingo uliokopwa upande wake wa pili kabla ya kukuzwa, kisha ukatwe. Usipofanya hivyo utaona mistari sakafuni.
- Tabaka la uwazi likuzwe peke yake. Ramani za mwelekeo wa uso, zinazoiambia gemu mwanga uangukeje, zisipitishwe kwenye mfumo uliofunzwa kwa picha za rangi.
- Kagua kila faili kwa jicho, ndani ya gemu, kwenye mwanga wake.

Kabla ya kuondoa chochote unachodhani ni udhaifu, uliza kilikuwa kikifanya kazi gani. Ukungu wa Silent Hill ulificha mwisho wa dunia inayochorwa na wakati huohuo ndio uliobeba hofu yenyewe. Katika San Andreas, moja ya gemu za mkusanyiko ule wa Grand Theft Auto wa 2021, ukungu ulipoondolewa, jimbo zima lilionekana dogo, milima na miji ikitazamana. Maporomoko ya maji ya Sonic kwenye Mega Drive yamechorwa kwa mistari ya wima inayopishana, na kebo ya kompoziti iliyoingia kwenye televisheni ya chogo ndiyo iliyoichanganya ikawa maji yanayopitisha mwanga. Kwenye skrini kali ya leo yanaonekana kama pazia la shanga. Sheda (programu ndogo ya kuchora) inayoiga chogo na kebo hiyo hurudisha hali hiyo.

Mwisho, weka kitufe cha kubadilisha sura ya zamani na mpya papo hapo, kama Halo: Combat Evolved Anniversary ya 2011 au F5 ya StarCraft: Remastered ya 2017. Wachezaji hukipenda, lakini mimi nakidai kwa sababu ya ukaguzi: mlango uliofichwa na mwanga mpya utauona kwa kubonyeza mara moja.

Umefanikiwa ikiwa: wale watu wako wawili wanacheza ngazi nzima bila kusema "hapa palikuwa tofauti".

## Hatua ya 6: Sauti

Rudi kwenye rekodi za studio kama zipo. Kama hazipo, usizisafishe kupita kiasi. Kuondoa mvumo mara nyingi huondoa pia pumzi ya muigizaji.

Kosa la kawaida ni alama ya kurudia wimbo. Wimbo wa sampuli (vipimo vya sauti) 22,050 kwa sekunde unaorudi kwenye sampuli ya 441,000, yaani sekunde ya 20, ukipandishwa hadi 48,000 lazima urudi kwenye sampuli ya 960,000. Ukisahau, utasikia mshtuko kila wimbo unapozunguka.

## Hatua ya 7: Pedi, menyu na mchezo uliohifadhiwa

Ruhusu kila kitufe kibadilishwe, na picha za vitufe zifuate pedi iliyoshikwa wakati huo. Jaribu maandishi kwenye skrini ndogo ya mkononi; herufi zilizosomeka kwenye televisheni huwa punje.

Mchezo uhifadhiwe kwanza kwenye faili ya muda, kisha faili hiyo ibadilishwe jina ichukue nafasi ya ya zamani. Mashine za leo hulala ghafla, na faili iliyoandikwa nusu haina dawa. Ukiweza, andika kigeuzi cha faili za wachezaji wa zamani.

Kama gemu ilichezwa mtandaoni, hakikisha seva iliyokuwa ikiitegemea bado ipo. Huduma ya GameSpy ilizimwa mwaka 2014 na kuziacha gemu nyingi bila pa kukutania. Ongeza njia ya kuunganisha moja kwa moja kwa anwani, ili siku seva yako nayo ikizimwa gemu isife nayo.

## Hatua ya 8: Kuitoa

Konsoli zinahitaji ukubaliwe kama mtengenezaji, upate mashine za majaribio, kisha upite ukaguzi. Gemu za zamani hukwama kwenye mambo madogo: pedi ikikatika gemu haisimami, akaunti ikibadilishwa katikati gemu inaanguka, au menyu inaita kitufe kwa jina lisilo rasmi. Soma orodha ya masharti mapema, tangu hatua ya 3. Umri wa mchezaji hupangwa upya hata kama gemu ilishapangwa. Maduka mengi ya kidijitali hutumia fomu ya IARC, mfumo wa kimataifa wa kupanga umri.

Usiliondoe sokoni toleo la zamani. Rockstar iliziondoa gemu tatu za awali za Grand Theft Auto mwaka 2021, kisha ikaahidi kuzirudisha baada ya malalamiko. Warcraft III: Reforged ya Januari 2020 iligusa hata waliokuwa na gemu ya awali, na hasira zao zilikuwa kubwa kuliko za walionunua jipya.

## Hatua ya 9: Kabla hujafunga mradi

Wiki za kwanza zitaleta ripoti nyingi. Zigawe mara mbili: hitilafu uliyoileta wewe, na hitilafu iliyokuwepo tangu zamani. Ya kwanza irekebishwe haraka. Ya pili iachwe hadi ujue ni nani anayeitegemea, maana wachezaji wanaoshindania muda wamejenga njia zao zote juu ya hitilafu za namna hiyo.

Kisha funga kasha la kumbukumbu siku ya pachi (faili ya marekebisho) ya mwisho. Ndani yake ziwemo: msimbo uliojenga toleo lililouzwa ukiwa na alama yake ya Git, kompaila yenyewe na si jina lake tu, malighafi kabla ya kubanwa, rekodi za majaribio za hatua ya 3, jedwali la haki lenye tarehe za kuisha, na maagizo ya kujenga gemu kwenye kompyuta tupu. Mpe kasha hilo mtu ambaye hakuwa kwenye mradi, ajaribu kuijenga gemu bila kukuuliza neno.